Meno Kumi na Sita

Saa mbili usiku, El Alto. Maji ya bomba
yanang'ata kabla hayajafika mdomoni,
kwa hiyo nachemsha kidogo, nachanganya kwenye kikombe cha bati,
nachovya kidole cha mwisho
kama ninayempima kikombe homa.
Mswaki wake ni wa kijani, mpini wake chura.
Nilinunua chura nikidhani chura atanisaidia.
Chura hajanisaidia.

"Wara, fungua mdomo."
Mdomo umefungwa kama duka lililoona mdai.
"Janiwa," anasema, hapana ya bibi yake,
ya Kiaymara, nzito, haina dirisha.
Ili aitamke lazima midomo iachane,
nami nimeotea hapo hapo, mswaki mkononi,
lakini mtoto ni mwepesi:
anatema neno, anarudisha komeo.

Wa kulaumiwa ni mama mkwe, Saturnina,
aliyemnywesha api mchana kutwa,
uji wa mahindi ya zambarau, sukari vijiko vinne,
"mtoto anasikia baridi."
Sasa mjukuu wake ni zambarau toka fizi hadi kidevu.

Nimejaribu kila kitu.
Nimesema kuna mjusi kajificha nyuma ya gego.
Akamwonea mjusi huruma, akakaza midomo zaidi ili asitoke.
Nimehesabu hadi tatu; yeye akaendelea, nne, saba, kumi.
Nimemtishia daktari wa meno.
Akauliza kwa pua kama daktari ana mbwa.

Na mimi ndiye mtu wa brashi!
Kila siku naosha vibanda vya gari la waya,
vinavyoning'inia juu ya jiji kama vifungo vya koti,
arobaini kwa zamu, vioo pande zote.
Nayajua mafuta ya paji la uso la mtu anayesinzia,
nazijua alama za vidole za wapendanao.
Kioo hakijawahi kunigeuzia shavu.
Nashinda nikisafisha madirisha ya watu elfu,
narudi nyumbani nashindwa na meno kumi na sita.

Nikachoka. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa,
nikachukua mswaki wangu, nikapiga yangu,
bila hila yoyote, naapa,
ni uchovu tu, na povu.

Kimya. Kisha: "Mimi."
Akapanda gotini, akaninyang'anya,
akaniingiza mswaki kama mtu anayezibua mfereji.
Alisugua ulimi. Alisugua pua.
Akafika kulia, chini, penye pengo,
akasimama.
"Hapa hakuna."
"Hakuna."
"Limekwenda wapi?"

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Oruro, nabeba matofali.
Jino liliuma wiki tatu, nikaliwekea karafuu,
nikaliwekea pombe kali, nikaliwekea subira,
kisha jamaa mmoja na koleo lake la nyaya.
Utotoni hakuna aliyenifukuza na mswaki kuzunguka meza.
Si kwamba hawakunipenda. Mswaki wenyewe haukuwapo.

"Liliondoka," nikamwambia.
"Halikuaga?"
"Halikuaga."

Akachungulia tena, karibu, pumzi yake yote sukari.
Akaweka kidole kwenye pengo, akakiacha hapo,
kama anayemshikia mtu nafasi kwenye foleni.
Kisha akamwokota chura sakafuni,
akamtia mdomoni mwake,
akafyonza dawa yote, akasugua jino moja la mbele
mara mbili, labda tatu,
akatangaza: "Tayari."
Kumi na tano hayakuguswa. Zambarau iko pale pale.

Amelala sasa, chura kambana kwapani.
Simu inalia: Delfina, kutoka zamu ya usiku kiwandani,
nyuma yake mashine za mkate zinaguruma.
"Amekula?"
"Amekula."
"Umepigwa mswaki?"
Najua alitaka kusema *amepiga*. Ni kelele za mashine.
"Ndiyo," nikasema. "Vizuri sana. Mpaka puani."