Tisini kwa Sitini

Karatasi imekunjwa mara nne, ina mafuta ya kitumbua kwenye kona.
Mwandiko ni wa Nyanzala, bintiye Bi Kashinje,
yule wa benki, Dodoma:
Kabati la chini, kimo sentimita tisini.
Kina, sitini.
Toka mezani hadi kabati la juu, hamsini.
Chini acha kumi, vidole vya miguu vipate pa kuingia.
Na mwisho, kwa herufi kubwa:
FUNDI, USIBUNI.

Sijabuni.
Nimepanda Mabatini, pima maji begani,
ngazi mia na kumi na mbili,
mtaa mzima umeatamia mawe.
Nikaingia jikoni, nikakuta ukuta wa nyuma si ukuta.
Ni jiwe.
Limeingia kama shemeji asiyebisha hodi,
limetanguliza tumbo.
"Baruti ilikuwa ghali," akasema Bi Kashinje,
"na jiwe lilitutangulia hapa."
Amelinolea visu miaka thelathini. Lina shavu laini.

Sitini yangu ikafika arobaini na moja, ikagota.

Nikaweka ubao juu ya ndoo na matofali, tisini kamili,
povu la pima maji likatulia katikati.
(Dirishani ziwa limelala. Lenyewe halijawahi kupimwa na fundi.)
"Mama, songa."
"Nisonge nini?"
"Ugali. Wa hewa."
Akacheka, akashika mwiko,
na mabega yakapanda hadi masikioni,
viwiko vikatoka nje kama mbawa za kuku anayefukuzwa.
Akaushusha mwiko.
"Aliyepima hii," akasema, "hajasonga wa watu tisa."

Basi nikampima yeye.
Kiwiko, tisini na mbili. Toa upana wa kiganja:
hapo ndipo kisu kinapopara sato bila mgongo kulalamika.
Pa jiko nikashuka tena, sitini na tano,
sufuria ikae chini ya kifua, uzito wa mwili ufanye kazi.
Nikayaandika nyuma ya karatasi ileile.
Jiwe nikalichora kwa boksi la sabuni,
nikakata mkangazi kidogokidogo, natia, natoa, napiga randa,
hadi mbao na mwamba vikashikana
hata dagaa mmoja asipate pa kupotelea.

Ikabaki rafu ya juu kabisa.
Mkono wake hauifiki, hata kwa kigoda.
Nikataka kuiondoa.
"Iache," akasema, "hiyo ya Nyanzala. Yeye ni mrefu, kama baba yake.
Akija Desemba aniteremshie sahani."
Nikaipandisha juu vilevile kama karatasi ilivyosema,
bila kupunguza hata milimita.

Jioni simu ikalia, mikono yangu ina gundi.
"Fundi Lushinge, umefuata vipimo?"
"Nimefuata."
Hakuuliza vya nani.
Aliuliza tu kama lile jiwe bado lipo.