Kijivu

Gunia ni la kahawa, limetoka Idjwi kwa boti,
bado linanuka ghala.
Tumelipigilia kwenye fremu ya dirisha
ambalo halikupata kuwa dirisha.
Ndoano ni ubavu wa mwavuli:
fundi Mugisho aliukunja ncha kwa koleo,
akasema, mvua ya Bukavu inavunja, mimi nageuza.

Alhamisi, baada ya soko la Kadutu, tunakuja na matambara.
Nsimire na sweta la mwanawe aliyerefuka ghafla.
M'Birindwa na kikwembe cha arusi, upande ambao haujapauka;
amekikata mwenyewe, mikanda myembamba kama tambi,
hakutaka mkasi wa mtu mwingine.
Mkono wa chini unashika, wa juu unatafuta.
Ndoano inazama, inanasa, inapanda na kitanzi.
Tena. Tena. Midomo nayo haikai bure:
bei ya makaa, mkwe wa fulani,
nani amehama usiku na deni la nani.

Tumechora mji wetu ulivyo, umening'inia:
mabati, ngazi za udongo, mabati,
mgomba mmoja wa Cibalonza (alilazimisha),
na chini kabisa, ziwa.
Si lile la bluu la kalenda. La asubuhi ya Novemba,
mvua ikiwa bado inafikiri.
Na kijivu hatuna.
Tulijaribu soksi. Tulijaribu shuka jeupe lililochemshwa na masizi.
Ziwa likakataa kulala.

Wiki iliyofuata Cibalonza alikuja na suruali.
Kitambaa kizito, cha ofisini, mkunjo wa pasi bado umesimama.
Tuliangaliana.
"Upepo," alisema, "unatupa vitu."
Mkasi ulikuwa umeshaanza kuongea.

Jumapili ya mwisho wa mwezi baba mwenye nyumba
alipanda ngazi na daftari lake, matope hadi kifundoni.
Mlangoni akasimama juu ya maji,
akafuta kiatu cha kushoto, akafuta cha kulia,
akarudia, kwa utaratibu wa mtu anayejiheshimu.
Akainama.
"Ziwa hili mmelipatia," alisema. "Linanikumbusha kitu."

Nsimire akakohoa hadi uani.
Mimi nikahesabu pesa polepole, noti kwa noti,
macho yangu yakiwa miguuni pake,
pale karibu na kisigino
ambapo kitanzi kimoja, kinene kidogo,
bado kina tundu la kifungo.