Doa Jekundu

Kioo hiki pembeni mwa usukani,
ukubwa wa daftari la shule,
kinanichorea barabara ninavyoipita:
nyekundu pale lami ingali inapumua,
manjano ikianza kukaza,
kijani ikishikamana
kama jamaa wenye deni moja.

Nyuma, upande wa Sabaki, malori ya chumvi ya Gongoni
yamezuiwa foleni. Madereva wamelala
kwenye kivuli cha magurudumu. Mmoja tu hajalala;
kila nikirudi nyuma ananionyesha saa yake.

Kazi hii nilifundishwa na Chengo, buti zake kubwa.
Alikuwa anashuka, anapiga kisigino mara moja,
anasema, "Imelala." Au: "Bado. Ina uongo."
Alisikia kwa mguu.
Siku akikosea, alikosea nusu kilomita nzima,
na masika yakaja kumsomea hesabu.

Sasa ngoma ya chuma ina sikio ndani.
Inapiga chini mara arobaini kwa sekunde,
inasikiliza jibu:
ardhi legevu humeza pigo,
ardhi iliyoshiba hulirudisha.
Setilaiti zinajua nilipo, hawakosei hata shubiri,
na huko mbele, Ngomeni, ile minara ya baharini
iliyokuwa ikirusha roketi imesimama na kutu yake
kama mzazi aliyesahau alizaa nini.

Lami imemwagwa kwa nyuzi mia na arobaini.
Upepo unaila.
Ikishuka themanini, hata uisihi haitalala tena.
Pito la kwanza. La pili. La tatu.
Kijani, kijani, kijani,
ila hapa,
kilomita ya saba na mita mia mbili na kumi,
pana doa la ukubwa wa mkeka.
Pito la nne. Jekundu.
La tano, naongeza mtetemo hadi meno yanagongana.
Jekundu,
kama jicho la aliyenyimwa usingizi.

"Jumwa, songa mbele," Injinia Mutembei yuko redioni.
"Hicho kidude kina wazimu. Lami inapoa."

Kidude kililetwa mwezi jana,
tabaka za chini zimeshafunikwa.
Kinajua namba ya mahali.
Jina ninalijua mimi.

Hapa palikuwa na kisima cha shangazi Nyevu,
maji ya kupikia wali bila kutia chumvi.
Alilipwa fidia ya ukuta na minazi kumi na mmoja.
Kisima, walisema, hakimo kwenye fomu.
Kikafukiwa usiku mmoja:
matawi, saruji iliyogandia magunia,
mlango wa bati na komeo lake,
na juu, marram ya kufichia aibu.
Nilikuwepo. Nilishika taa.
Kwenye karatasi ya siku ile pana sahihi tatu.
Ya chini, iliyoandikwa vibaya, ni yangu.

Nazima mtetemo.

"Mbona umesimama?"
"Chini kuna kisima."
"Kisima gani? Hakimo kwenye ramani."
"Kimo kwenye kioo."

Redio inakoroma tu.
Anajua, nami najua, kwamba picha hii
haikai hapa ikisubiri kalamu ya mtu.
Imeshafika ofisini Malindi, imeshavuka hadi Nairobi;
doa la shangazi yangu linawaka sasa hivi
mbele ya mtu nisiyemjua, anayekunywa chai.

Nashuka. Moshi wa lami umekonda.
Najaribu kisigino, kama Chengo, nikiona haya kidogo
mbele ya vijana wa koleo.
Sisikii chochote. Mguu wangu haukusomea.
Hata hivyo nasema, kwa sauti, wasikie:
"Ina uongo. Na nusu yake ni yangu."

Yule dereva wa chumvi amefika, saa mkononi.
"Tutangoja mpaka lini?"
Namnyooshea sururu.