Sindano ya Kijani

Mzee Zhivko, mkuu wa stesheni mstaafu,
kaja na kompyuta ndani ya mfuko wa viazi.
Theluji ya Plovdiv imemganda kwenye nyusi.
"Ilikuwa nzito," anasema, "nikaipunguza."

Nawasha. Kioo cheusi. Herufi nyeupe tatu, kisha kimya.

Alipakua programu ya bure ya kusafisha kumbukumbu,
yenye sindano ya kijani, inacheza kama ya spidi.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
mgeni akaingia jikoni, akatoa vyombo vyote,
akavipanga uani kwenye baridi,
akasema, tazama, nafasi!
Na kila Zhivko alipotaka kijiko
kompyuta ilivaa koti, ikatoka nje kukifuata.

Sikumlaumu. Nani hapendi kuona nafasi?
Lakini kumbukumbu tupu si kasi;
ni behewa lenye taa, lisilo na abiria.

Ndipo akaingia kwenye sajili.
Kwa ushauri wa nani, hataki kusema.
Funguo mia nne na kumi na mbili "zisizo na kazi"
akazifuta moja moja, miwani puani,
yeye ambaye kwa miaka thelathini na moja
hakugeuza reli asiyojua iendako.

"Ulitunza nakala?"
Anatazama viatu vyake. Maji yanachuruzika sakafuni.

Jioni nampigia simu. Picha zimepona;
printa bado imesahau jina lake.
"Sasa itakwenda mbio?"
"Itakwenda kama zamani."
Ananyamaza kidogo.
"Zamani," anasema, "ilikuwa ikifika."