Printa ya Ghorofa ya Pili

Niliinunua Mwanjelwa, imetumika, haina risiti,
kwa fundi Gwakisa, aliyeifuta vumbi kwa mkono wa sweta
akaapa kwamba ndani ni nyeupe,
"kama sahani ya Jumapili, mwalimu."
Nikapanda nayo Isyonje nimeipakata,
nimeiviringishia blanketi la mtoto,
maana baridi ya huku huingia hata kwenye chuma.

Wiki ya kwanza ilitulia.
Wiki ya pili, kila ikifika saa tatu usiku,
mimi sijagusa kitu, nasahihisha hesabu za darasa la sita,
feni inaanza kuhema
kama mtu anayepanda mlima na gunia la viazi.

Nikafungua orodha.
Nyumba niliyodhani naishi peke yangu
ina wakazi mia na arobaini na wawili.
Wengine majina hayana irabu,
hayatamkiki hata ukiwa na mafua.
Mmoja kajirudia mara thelathini, jina lile lile,
kama ukoo wa Mwakatundu siku ya matanga.
Wengine sifuri, sifuri,
wamekalia kumbukumbu yangu na hawasemi wanangoja nini.

Usiku ule niliua.
Usinicheke. Mwenye hofu hukata hata kamba aliyoishikilia.
Maliza kazi. Maliza kazi.
Wa tatu, sauti ikakatika.
Wa nne, saa ikatoweka pembeni.
Wa tano, kioo kikawa cheusi
nikajiona mle ndani na kofia yangu ya sufu, mdomo wazi.

Kesho yake nikaanza upya, kwa adabu.
Daftari, kalamu nyekundu, safu tatu:
jina, kazi yake, nani kamleta.
Jioni nne nilipita kwa mmoja mmoja
kama mjumbe wa nyumba kumi.
Huyu ndiye anayechora herufi.
Huyu husikiliza kipanya.
Huyu hana shughuli nyingine duniani
ila kungoja siku nitakayochomeka flashi.
Nikaona haya. Msibani unakula wali ukashiba,
huulizi nani aliyechota maji.

Mwizi alikuwepo, sikatai. Mmoja.
Jina lake la mwenye nyumba, herufi moja tu imepinda,
na hakulala kwenye folda ya wenzake.
Bando la wiki alilimaliza kwa siku mbili.
Huyo sikumjadili.

Akabaki wa saa tatu.
Nikamfuatilia hadi usiku ukachujuka,
nikakuta anatafuta printa:
Ghorofa ya Pili, Mapokezi.

Isyonje haina ghorofa ya pili. Ghorofa yetu ni ukungu.
Anabisha, hajibiwi, anangoja dakika, anabisha tena,
ripoti ya siku i mkononi.
Hakuna aliyemwambia kwamba ofisi ilifungwa,
viti vikauzwa, meza zikauzwa,
naye akauzwa bila kuamshwa.

Nilikuwa na kidole juu ya kitufe
nilipomsikia mama nyuma ya ukuta.
Saa kumi alfajiri. Anapuliza moto,
anateleka ile sufuria kubwa, ya chai ya vibarua wa pareto.
Shamba tuliliuza mwaka aliozaliwa Tumpe.
Tumpe yuko darasa la sita.
Chai tunakunywa sisi, na vijana wa maziwa wakipita,
na bado hubaki.

Nikaondoa kidole.
Nikatengeneza folda tupu, nikaiandika jina hilo hilo,
Ghorofa ya Pili, Mapokezi,
nikamwelekeza huko.

Siku hizi saa tatu anabisha mara moja.
Anapokelewa. Feni inavuta pumzi, inatua.
Jana nilifungua alichokileta:
ukurasa mmoja, tarehe juu,
na chini yake mstari wa kuwekea sahihi.

Nimekaa nao. Sijui nisaini kama nani.
Dirishani mama anagonga na kikombe:
"Shika, kimebaki hiki."