Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Usianzie mwanzo. Nisikilize mimi niliyeirekodi:
inua sindano, igeuze santuri,
ruka ule wimbo wa meli, ruka na ule wa mke wa Emrys
(hata mke mwenyewe aliuruka),
utue pale weusi unapong'aa kidogo.
Hapo. Ngoja.

Hicho unachokisikia kwanza si ngoma, ni mvua.
Mvua ya Blaenau haina msimu wala adabu,
hushuka juu ya mapaa ya mawe tangu Oktoba
mpaka mtu achoke kuuliza,
na siku ile mlango wa zizi tulilolifanya studio
ulikuwa wazi, kwa kuwa Dilwyn Parry
alikuja kuchukua amplifaya yake.

Walimfukuza Novemba. Kwa barua.
Miaka kumi na minane ya kulala gari moja,
kuazimana soksi, kuambukizana mafua,
kukimbia deni la mwenye ukumbi kule Wrexham,
halafu barua, imepigwa chapa, jina limekosewa.
Ngoma ivumayo haidumu, sawa,
lakini hii yao haikupasuka:
ngozi ililegea tu, ikaanza kulia kama debe.

Kampuni ilitaka nyimbo tisa.
Emrys alikuwa na nne na nusu, na vidole vya kutetemeka.
Gita lile mnalolisifu kwenye wimbo wa kwanza
alilipiga kijana wa Bangor, kwa pauni arobaini na sahani ya chipsi.
Hefin alikuwa amenunua kinanda chenye taa,
akakitia kila mahali
kama mpishi aliyeijua bizari jana.
Nami wiki sita mezani, nasogeza vitufe,
nawafanya watu wasiotazamana
wasikike kana kwamba wamekaa bega kwa bega.
Ndiyo kazi yangu. Naiweza. Sijivunii.

Basi akaingia, amelowa, na koti la kampuni ya maziwa.
“Endeleeni tu,” akasema,
akapiga magoti nyuma ya nyaya atafute plagi yake.
Gwilym hakugeuka. Alikuwa anagonga polepole,
bila nia,
lile pigo la kupasha mikono moto
tangu walipokuwa wanne na ngoma moja chini ya kanisa.
Nikaona mgongo wa Dilwyn unasimama kusogea.
Besi ya akiba ilining'inia msumarini.
Akanyoosha mkono bila kuinuka.

Hakuna aliyehesabu moja, mbili, tatu.
Hefin akaizima taa ya kinanda chake. Nilimwona.
Emrys hakuwa na maneno,
akaimba vituo vya basi, kimoja kimoja:
Betws, Llanrwst, Glan Conwy,
na pale Llanrwst sauti ikamkatika,
nasi tukaiacha vivyo hivyo imekatika.

Dakika tatu na sekunde hamsini.
Huo mlio wa mwishoni, ule *pwap*,
wengine wameuandikia makala, eti ishara ya kifo cha enzi.
Ni plagi. Aliichomoa.
Alikuwa na chupa mia mbili garini na maziwa hayangoji mtu.

Gazeti likatoa nyota mbili kati ya tano:
albamu isiyojua inataka kuwa nani.
Sibishi. La kuvunda halina ubani,
na nyimbo nane kati ya hizo
nilizifukiza mwenyewe kwa mikono hii.
Kwenye jalada, penye besi, pana jina la kijana wa Bangor.
Kwenye nakala yangu pana penseli.

Tuliibeba amplifaya pamoja hadi garini,
mzito ule mzigo, mvua shingoni,
hakuna aliyesema asante, si wao, si yeye.
Alifunga mlango, akateremsha kioo kidogo.
“Besi imezidi,” akaniambia. “Ipunguze.”

Sikupunguza.