Pigo la Tatu

Mimi ndimi mwenye funguo za stoo ya vielelezo,
chini kabisa, Milimani, ambako lifti hukataa kushuka.
Kila kitu humu kina lebo shingoni:
sufuria, sururu, simu zenye nyufa,
kiatu kimoja ambacho mwenzake hatujawahi kumwona.

Hatia ilikuwa imeshasomwa wiki iliyopita.
Nilidhani mimi na faili ile tumemalizana.
Asubuhi karani akateremka ngazi, jasho kwenye miwani:
"Jaji Mumbua anataka kielelezo cha tano."

Si rungu. Rungu kila mtu alishaliona,
limepigwa picha hata likazoea.
Alitaka tochi.

Tochi ya kampuni, plastiki ya manjano,
iliyookotwa getini, Lunga Lunga, usiku wa mvua,
betri zimevuja ndani mpaka kutu ikachanua.
Mkaguzi alijaza fomu: *Haiwaki. Haijawaka kwa miezi.*
Sentensi mbili. Wakati wa kesi hakuna aliyezisoma kwa sauti.

Nikaipandisha kwa mikono miwili, sijui kwa nini,
kitu chepesi hivyo.

Sitati kizimbani, koti la kuazima limemzidi mabega.
Bawabu. Alisikia nyaya zikikatwa gizani, akapiga,
na giza lilipopambazuka likawa Kamotho,
miaka kumi na tisa, koleo bado mkononi.

Jaji akaiweka tochi kushoto kwake,
kulia ripoti ya daktari wa maiti.
Msifikirie mizani. Ilikuwa meza tu, na glasi ya maji katikati.
Akabonyeza swichi. Tk.
Akabonyeza tena. Tk.
Chumba kizima kikasikia giza.

Kisha akafungua ukurasa wa tatu:
pigo la kwanza begani, aliyepigwa amesimama;
la pili kisogoni, akianguka;
la tatu, kwa jinsi mfupa ulivyopasuka,
kichwa kilikuwa tayari kimelala kwenye saruji.

Wakili akainua karatasi za kampuni ya simu.
Saa tisa na dakika kumi usiku alimpigia bosi wake.
Na kumi na mbili. Na kumi na tatu. Mara saba.
"Mtu mwenye nia mbaya, mheshimiwa, hapigi mara saba."
Kiongozi wa mashtaka hakunyanyuka vizuri kitini:
"Na mtu mwenye hofu tu hapigi mara tatu."
Lugha yetu hii, kitenzi kimoja cha simu na cha rungu.
Karani aliandika yote, piga, piga, piga,
kalamu haikuuliza ipi ni ipi.

Ndipo akaitwa mama wa marehemu, Nyaguthii.
Hakulia. Alishika ukingo wa meza kama mtu anayejaribu uimara wake.
"Miaka mtahesabu wenyewe, hiyo ni kazi yenu.
La kwanza naelewa. La pili, haya, giza.
La tatu lilikuwa la nini?"

Sitati akafungua mdomo.
Akaufunga.
Hicho nacho kilikuwa kielelezo, ila hakina lebo,
na stoo yangu haina rafu ya kukiweka.

Miaka ishirini na mmoja nimesikiliza hukumu,
nazisoma kama fundi asomavyo mshono wa mwenzake.
Tochi ilipunguza. Nilisikia mahali ilipopunguza.
Pigo la tatu likarudisha.
Simu saba zikapunguza tena, lakini kiduchu,
kwa kuwa zote saba zilikwenda kwa bosi,
hata moja haikutafuta ambulensi.
Miaka tisa, alisema, toa miwili na miezi minne ya rumande.
Akanywa maji. Mkono wake haukutulia,
au ni glasi.

Siku kumi na nne za rufaa zimepita.
Amri inasema tochi irudishwe kwa mwenyewe.
Kampuni haijatuma mtu.
Nimewapigia mara mbili;
mara ya tatu,
mkono unasita.